August Wöhler, aliyehesabu uchovu wa chuma

Chukua waya, ukunje, unyooshe, ukunje tena. Mara ya kwanza haukatiki. Endelea tu, utakatika, na wala hujaongeza nguvu. Umechoka. Mjerumani August Wöhler alitumia miaka mingi kulichunguza jambo hilo.

Alizaliwa Soltau mwaka 1819. Ujanani mwake reli ndiyo kwanza zilikuwa zinaenea Ulaya, na ajali zake si mchezo. Mei 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika. Abiria walikuwa wamefungiwa milango ya mabehewa kwa nje, moto ukawakuta humohumo. Walikufa zaidi ya watu 50. Sasa jiulize: ekseli iliyobeba mzigo uleule siku zote, siku hiyo ilivunjikaje?

Wöhler, aliyesimamia vichwa na mabehewa ya treni pale Frankfurt an der Oder, hakubaki kubishana. Alitengeneza mashine za kuzungusha vyuma huku vimepindwa na mzigo, akahesabu mizunguko mpaka vivunjike. Vingine vilizunguka mamilioni ya mara. Ripoti yake ya mwisho ilitoka 1870. Akaonyesha kwamba mzigo mdogo, ambao hauwezi kuvunja chuma kwa mara moja, hukivunja ukirudiwa sana. Na kwamba kona kali kwenye ekseli huipunguzia uhai.

Matokeo aliyaacha kwenye majedwali. Wengine ndio walioyachorea grafu, ikapewa jina lake. Alifariki Hannover mwaka 1914, leza bado haijavumbuliwa.

Mimi nasomea ualimu, lakini wenzetu wa uhandisi bado wanamfuata. Chuma cha kusubu kina vipande vya grafiti vinavyofanya kazi kama zile kona kali, na ufa mara nyingi huanzia usoni. Leza hupasha uso huo haraka. Chuma baridi cha ndani hulivuta joto, uso ukawa mgumu na wenye mkandamizo, ufa ukapata shida kufunguka. Ila ukizidisha joto mpaka uso uyeyuke, unaweza kuleta nyufa mpya.

Ndiyo maana hata chuma kilichopigwa leza hakiaminiwi kwa ugumu wake tu. Kinarudishwa kwenye mashine, kinazungushwa, na mtu anakaa kuhesabu. Kilibeba jana, sawa. Wöhler angetaka kujua kitabeba mara ngapi.