Tingatinga Alikuwa Mtu

Ukimtajia tingatinga mtu wa kitaa, cha kwanza kitakachomjia kichwani ni lile dude la manjano linalosukuma udongo. Sisi tunaoishi huku Kibamba tumelizoea, maana wakati Barabara ya Morogoro inapanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha tulilala na kuamka na ngurumo zake. Cha pili ni picha: twiga, chui mwenye madoa, mbuyu, rangi zinazong'aa kama zimepakwa jana, zinazouzwa kwa watalii Dar na Zanzibar. Cha tatu, ambacho wengi wetu hatufiki, ni kwamba Tingatinga alikuwa mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 na akafa mwaka 1972. Katika miaka hiyo 40, muda alioutumia kuchora ulianza mwaka 1968 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ni muda wa mwanachuo kuanza na kumaliza shahada, akichelewa kidogo kwa sababu ya sapu.

Alizaliwa wilayani Tunduru, upande wa Nakapanya, katika mkoa ambao leo tunauita Ruvuma. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, na jina lake linabeba pande zote mbili bila ugomvi: Edward na Saidi. Kusini ya wakati ule ilikuwa mbali na kila kitu kilichokuwa na hela. Kijana akitaka kodi, nguo au mahari, njia ilikuwa moja, kuondoka. Mkonge wa Tanganyika ulikuwa unaongoza duniani, na mashamba ya Tanga yalikula watu kama yalivyokula ardhi. Vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Edward naye katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi mkongeni, kama walivyofanya maelfu ya watu wa kusini kabla yake.

Mwishoni mwa miaka hiyo akaja Dar es Salaam. Hakuja kwa ndoto ya sanaa. Alikuja kwa sababu alikuwa na jamaa yake mjini, Salum Mussa Mintanga, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya afisa wa kikoloni. Kwa mtu anayetoka mkoani hii ndiyo barua ya utambulisho ya kweli, mpaka leo: kuna ndugu yako yuko mahali. Edward akapata kazi ya bustani. Uhuru ukaja mwaka 1961, Waingereza wakaanza kufunga mizigo, na mwajiri alipoondoka kibarua cha mtunza bustani kikaota nyasi (samahani kwa utani, ila umejileta wenyewe). Baada ya hapo akawa mtu wa kazi yoyote inayopatikana, ikiwemo kuuza matunda na mboga. Angeishia hapo tusingekuwa na habari zake, kama tusivyo na habari za wale aliokuwa akiuza nao.

Kilichobadilika mwaka 1968 ni nini? Hapa ndipo watu hubishana. Wapo wanaosema alitoa kitu kusini, kwamba Wamakua walikuwa na desturi ya kuchora kuta za nyumba zao, na yeye akahamisha ukuta kwenda kwenye bodi. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, zikimpita machoni kila siku na kununuliwa na wageni, akajiuliza kwa nini asijaribu. Mimi naegemea upande huu wa pili. Ule wa kwanza ni mtamu kuusimulia kwenye semina ya utamaduni, lakini mtu asiye na kazi ya kueleweka anaangalia kwanza kinachouzika. Wala hilo halimpunguzii chochote. Ukiziangalia kazi zake hazifanani na za Wakongo wala na ukuta wowote.

Vifaa vyake ndivyo vinavyonivutia zaidi, kwa sababu ndani yake unaona jinsi mtindo ulivyozaliwa. Turubai la mchoraji na rangi za kwenye tyubu lilikuwa jambo la watu wa shule na watu wenye hela. Yeye alichukua bodi ngumu ile ya kupiga dari, tunayoiita silingibodi. Bodi zima la futi 4 kwa 8 linatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, bila kubaki hata kipande cha kutupa, na picha zake nyingi zina ukubwa huohuo, kama sentimita 60 kila upande. Rangi alitumia ya kopo, ile ya mafuta inayopakwa kwenye baiskeli. Rangi hii haina adabu ya kuchanganywa taratibu kama za wasanii wa Ulaya. Ukiweka rangi moja juu ya nyingine kabla haijakauka zinavurugana. Kwa hiyo unapaka mandhari nzima rangi moja au mbili, unaiacha ikauke, ndipo unakuja na mnyama, na madoa yake yanakuja mwisho. Ndiyo maana mnyama wa Tingatinga amesimama peke yake katikati, mkubwa, hana kivuli, amezungukwa na uwazi wa rangi. Watu wamekuja kuliita hilo uono wa kipekee. Na ni kweli ni uono, lakini kopo la rangi nalo lilikuwa na kauli yake.

Nimelielewa hili kwa jirani yangu mmoja, mwanachuo, tunayepanga naye nyumba moja hapa Kibamba. Chumba chake ni geto na karakana kwa wakati mmoja. Anakusanya chupa tupu, anafunga uzi uliolowekwa spiriti shingoni mwa chupa, anauwasha, halafu anaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. Kioo kinaachia palepale kwenye uzi, tiki, kikiwa na bahati. Akishasugua ukingo kwa msasa wa maji anapaka rangi ya mafuta: ndege, samaki, nukta nukta kibao. Kanuni zake ni zilezile. Kioo hakinyonyi rangi, kwa hiyo lazima ukifute mafuta yote ya vidole la sivyo itabanduka. Paka moja, subiri, paka nyingine. Hata jina la rangi hiyo, enameli, lilianzia kwenye kioo: zamani lilimaanisha unga wa kioo uliyeyushwa juu ya chuma, na rangi ya kopo ikalirithi kwa sababu ya kung'aa kwake. Jirani yangu hajui kama yuko kwenye ukoo wa mtu yeyote. Anachojua ni kwamba bumu limechelewa.

Lakini kuna tofauti moja kati yao ambayo wahamasishaji hawaitaji. Mmeshawasikia: jamaa alikuwa maskini, hakusoma sanaa popote, alikuwa na kipaji, akathubutu, akatoboa. Hadithi hiyo inaacha nje ramani. Edward aliishi Msasani. Kutoka Msasani kwenda Oyster Bay unatembea kwa miguu na bodi kwapani, na Oyster Bay ndiko walikoishi mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali, watu wenye ukuta mtupu na hela ya kuujaza. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, mahali walipokuja kununua mahitaji yao ya nyumbani. Kibamba ya mwaka 1968 ilikuwa mashamba. Mtu mwenye kipaji kilekile, bodi ileile na kopo lilelile, akiwa huku, angemuuzia nani? Jirani yangu mpaka leo akitaka mteja lazima apande daladala mbili kwenda Masaki na begi la vioo mapajani, na kila tuta la barabarani ni hasara inayomnyemelea.

Pia haikuwa kazi ya mtu mmoja, na wala haikumlisha mara moja. Katika miaka hiyohiyo Edward alipata kazi Hospitali ya Muhimbili, kazi ya chini ya kuhudumia wodini, na kuchora kukawa kwa muda uliobaki. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, wakapata watoto wawili, Daudi na Martina. Nyumbani kwake Msasani wakaanza kukaa vijana, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kulekule kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Hawakulipa ada wala hawakupewa cheti. Walijifunza kwa kutazama, kwa kusaidia na kwa kunakili.

Kunakili. Sisi wa ualimu tukisikia neno hilo tunashtuka, maana kwetu ni kosa la kufukuziwa chuo. Lakini darasani tunasomeshwa Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 wakati Edward ana miaka miwili huko Tunduru, kwamba mtoto hujifunza pale anapofanya na mtu anayemzidi kile ambacho bado hawezi kukifanya peke yake. Tunaijibia mtihani nadharia hiyo kwa kurasa tatu. Nyumba ya Msasani iliitekeleza bila kuijua, na ninavyoona mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya Edward Tingatinga, kubwa kuliko chui na tausi wake wote. Nasema hivyo kwa sababu ya kilichofuata.

Mambo yalikuwa yameanza kukaa sawa. National Arts of Tanzania, kampuni ya umma iliyoshughulika na sanaa, ilianza kununua kazi zake, na kwa mara ya kwanza kuchora kukawa na sura ya ajira. Halafu, usiku mmoja mwaka 1972, akiwa ndani ya gari na wenzake, polisi walilidhania gari lile kuwa la majambazi wanaotoroka. Wakafyatua risasi. Edward Tingatinga akafa akiwa na miaka 40, akazikwa makaburi ya Msasani. Hakuwa mwizi wa kitu chochote. Kwenye maandishi mengi habari hii hupewa mstari mmoja, ajali ya kusikitisha, kisha mwandishi anarukia rangi na wanyama. Mimi nimejaribu kuiruka pia nikashindwa. Mtu aliyepita mkonge, bustani ya mkoloni, matunda ya kutembeza na wodi ya hospitali, anauawa kwa kudhaniwa, usiku, katika mji alioanza kuupendezesha. Mke alibaki na watoto wadogo ambao hawakuwahi kumjua baba yao vizuri.

Kama angekuwa amefanya kazi peke yake, kama wanavyofanya wasanii wengi wenye wivu na siri zao, mtindo ungezikwa naye. Picha chache zingebaki kwenye kuta za wageni na kuondoka nao. Badala yake wale vijana wa Msasani waliendelea kuchora, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mkono wake, picha zikaanza kubadilika. Mnyama mmoja akawa kundi. Uwazi ule wa rangi ukajazwa ndege, vijiji, masoko, samaki na mashetani. Simon Mpata alikwenda Nairobi na kujipatia jina huko. Soko la watalii likakua, na ndipo jina la baba yake Edward likaacha kuwa la mtu likawa la aina ya bidhaa. Mwaka 2010 hata katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC iliitwa Tinga Tinga Tales, na mamilioni ya watoto wakalijua neno hilo bila kujua kuna kaburi Msasani.

Hapa pana jambo ambalo sijalimaliza kichwani. Unawezaje kumiliki mtindo ambao uligawiwa bure nyumbani, kwa kunakili? Picha moja ina mwenyewe, sheria ya hakimiliki inaeleza hivyo. Lakini namna ya kumchora twiga haina mwenyewe, na anayeuza fulana yenye twiga huyo uwanja wa ndege hadaiwi na familia. Ukarimu uleule uliouokoa mtindo ndio ulioiacha familia mikono mitupu. Nimejadiliana na wenzangu wa kozi ya sheria mpaka saa sita usiku. Wao wana majibu ya haraka, mimi sina.

Wale wachoraji walijipanga taratibu, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, Tingatinga Arts Co-operative Society. Kipo palepale Morogoro Stores, Oyster Bay, na kiingilio hakuna. Ukitoka Kibamba ondoka mapema tu. Wanaochora pale sasa ni wanafunzi wa wanafunzi wa wanafunzi. Kaa nao kidogo utaona picha zilizopakwa rangi moja tu, nyekundu au buluu, bila mnyama hata mmoja. Zimeegemezwa ukutani zikauke.