Kanumba: Alitumika kwanza, malipo yakafuata

VIJANA wengi wa hapa Mwanhuzi wakizungumzia mtaji huwa wana maana ya fedha taslimu. Asiye nazo hukaa kijiweni akisubiri mkopo, au akisubiri bei ya pamba ipande. Leo, ndugu msomaji, tuangalie maisha ya mtu aliyeanza na mtaji wa aina nyingine: nguvu zake, muda wake na utayari wa kufanya kazi kabla ya kulipwa. Huyo ni marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu.

Kanumba alizaliwa Januari 8, 1984 mkoani Shinyanga. Wakati huo maeneo ya Meatu, Maswa na Bariadi yote yalikuwa ndani ya mkoa huo. Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012, mwaka ule ule aliofariki. Kwa hiyo tunaweza kusema ni mwenzetu, mtoto wa nchi ya pamba na ng'ombe. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi mjini Shinyanga, kisha baadaye akasoma Sekondari ya Jitegemee, Dar es Salaam. Uigizaji aliuanza angali mwanafunzi.

Miaka ya kutumika

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo lililokuwa likionyeshwa katika televisheni ya ITV. Wengi tunakumbuka jinsi watu walivyojazana katika nyumba ya jirani mwenye televisheni kutazama michezo kama Jahazi na Dira.

Umaarufu ulikuwepo, lakini vikundi vya aina hiyo havikuwa na mshahara wa kutegemea. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni hasara: mtu anashinda mazoezini na jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo hesabu hiyo haijakamilika. Mkulima anayepalilia Januari halipwi Januari. Kule Kaole Kanumba alipata vitu vitatu ambavyo asingeweza kuvinunua: ujuzi wa kazi, jina kwa watazamaji, na wenzake wa kushirikiana nao, akiwemo Vincent Kigosi, maarufu kama Ray.

Mavuno yalianza biashara ya filamu za video ilipokua. Filamu hizi zilitengenezwa kwa siku chache na kuuzwa kwa CD na DVD hadi kwenye magulio na vibanda vya video vijijini. Mwaka 2006 alicheza katika Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, nchi iliyokuwa imetutangulia mbali katika biashara hiyo. Mwaka 2008 ikafuata Oprah, iliyomweka juu kabisa.

Hakukosa kubezwa. Mwaka 2009 alialikwa katika jumba la Big Brother Africa huko Afrika Kusini, na baadhi ya Watanzania wakamcheka kwa Kiingereza chake. Hakuacha kazi wala hakuacha kushirikiana na wageni. Mwaka 2011 alitoa Devil Kingdom, akiigiza pamoja na Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Nigeria. Wakati huo alikuwa tayari na kampuni yake, Kanumba The Great Film. Aliyeanza kwa kutumikia kundi la wengine sasa alikuwa akiwapa wengine kazi, wakiwemo watoto aliowaigizisha katika filamu kama Uncle JJ na This Is It.

Alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012 nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu ya watu walimuaga viwanja vya Leaders na akazikwa makaburi ya Kinondoni Aprili 10.

Jasho na mkataba

Hapa ndipo mchumi anapolazimika kuongeza neno. Katika biashara ya filamu ya miaka ile, mtayarishaji mara nyingi alimuuzia msambazaji kanda mama pamoja na haki zote, akalipwa mara moja. Msambazaji aliendelea kurudufu na kuuza kwa miaka, bila mtayarishaji kupata nyongeza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda filamu kwa miaka 50 tangu itolewe kwa umma, lakini ukishauza haki zote, ulinzi huo ni wa aliyenunua. Kazi za mtu zinaweza kuendelea kutazamwa nchi nzima huku familia yake haipati kitu.

Mkulima wa Meatu anaijua hali hii. Aliyebanwa na shida huuza zao likiwa bado shambani, na bei inapopanda faida ni ya mwingine. Palizi alifanya vizuri, kosa lilikuwa kwenye mauzo.

Basi kijana unayetaka kuingia katika filamu, au unayeanza kwa kupiga picha za video za harusi hapa Mwanhuzi, jifunze mambo manne. Kwanza, jitolee mahali penye kazi halisi na mtu wa kukufundisha, si mahali pa kutumwa vocha na maji tu. Pili, jiwekee muda: ukimaliza mwaka hujaongeza ujuzi wowote, ondoka. Tatu, ukianza kulipwa, rudisha sehemu ya faida kwenye vifaa na watu, kama unavyotenga mbegu kabla ya kula. Nne, kabla ya kuuza kazi yako soma mkataba, na uulize unauza nakala, unakodisha kwa muda, au unauza haki zote moja kwa moja. Usipoelewa, usitie sahihi siku hiyo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tuongeze kwamba kivuli chenyewe nacho kiandikishwe kwa jina lako.