Bobby Jones: Dogo aliyemwibia mwalimu ufundi, kisha akawakalisha wa kulipwa

TIMU ya mtaani ikiifunga timu ya Ligi Kuu, habari hiyo husimuliwa vijiweni wiki nzima. Ikirudia mwaka unaofuata, watu wataanza kuulizana imelishwa nini. Kwenye gofu alikuwepo mtu wa ridhaa aliyewafanyia hivyo wachezaji wa kulipwa mara saba, tena kwenye mashindano makubwa kuliko yote, na hakuchukua hata senti ya zawadi.

Anaitwa Robert Tyre Jones, maarufu Bobby Jones. Alizaliwa Machi 17, 1902, mjini Atlanta, Marekani. Kwa mchezaji wa ridhaa anayejiuliza kama kuna haja ya kumlipa mwalimu, maisha ya jamaa huyu yana jibu, ingawa ni rahisi kulisoma vibaya. Wengi hushika jambo moja tu, kwamba utotoni hakuwahi kupewa somo rasmi la gofu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hadithi.

Kivuli cha Maiden

Bobby alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Wazazi wake wakaamua kukaa msimu wa joto nje kidogo ya mji, jirani na klabu ya gofu ya East Lake, apate hewa safi. Akapewa fimbo ya mkubwa iliyokatwa ikawa fupi, akaanza kupiga mipira barabarani na rafiki yake, kama watoto wa uswahilini wanavyoanza na chandimu.

Mwaka 1908 East Lake ilipata mwalimu mpya, Stewart Maiden, Mskochi kutoka Carnoustie. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Dogo akaanza kumfuata uwanjani mashimo kadhaa, kimya, akimwangalia tu. Kisha anarudi kwenye grini iliyo karibu na nyumbani kwao na kofia iliyojaa mipira, anarudia alichokiona mpaka giza linaingia. Miaka ilivyokwenda, mtu akimwona Bobby kwa mbali anapiga, alidhani ni Maiden mwenyewe.

Kwa hiyo mwalimu alikuwepo. Tofauti ni kwamba somo lilipita machoni badala ya masikioni, na mwanafunzi alikuwa mtoto mwenye muda wote wa dunia. Mtu mzima anayeshika fimbo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40, akicheza Jumamosi kwa Jumamosi, hana nafasi hiyo.

Kipaji kikagonga mwamba

Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, Bobby alicheza ubingwa wa ridhaa wa Marekani uwanja wa Merion na kufika robo fainali. Kila mtu akajua nyota amezaliwa. Lakini baada ya hapo miaka ikakatika bila taji kubwa hata moja.

Tatizo lilikuwa hasira. Akikosea, fimbo inaruka. Mwaka 1921 kwenye Open ya Uingereza pale St Andrews, alikwama kwenye shimo la mchanga katika shimo namba 11, akakata tamaa na kuachia mashindano njiani. Kwa lugha ya soka, ni sawa na nahodha kuvua jezi na kutoka uwanjani mechi ikiendelea.

Ukame ulikatika 1923 kwenye US Open, uwanja wa Inwood, New York. Maiden alikuwepo kumtazama. Jones na Bobby Cruickshank, mchezaji wa kulipwa, walilingana, wakarudiana mashimo 18. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Jones akatazama mpira uliokaa pabaya na maji yaliyokuwa mbele, hakusita, akaupiga ukavuka na kutua karibu kabisa na shimo. Akashinda kwa mikwaju 76 dhidi ya 78, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bingwa.

Bingwa aliyekubali kurekebishwa

Hapa ndipo nusu ya pili ya hadithi ilipo. Jones bingwa hakuacha kusikiliza. Mwaka 1924 mkongwe Walter Travis, bingwa wa zamani wa ridhaa wa Marekani na Uingereza, alimwonyesha namna ya kushika fimbo na kusogeza miguu pamoja anapousukuma mpira shimoni. Jones akabadilika.

Mapigo yalipoharibika, aliyeitwa ni Maiden. Inasimuliwa kuwa mzee huyo alikuwa anasimama, anatazama mipira michache, anarekebisha kitu kimoja kidogo kwenye usimamaji, anamwambia apige kwa nguvu, halafu anaondoka zake. Hakuwa na mihadhara.

Sababu inaeleweka. Mpiga gofu hajioni anapopiga. Mpira ukienda kulia, anageuza mikono kuurudisha kushoto, na sasa ana makosa mawili badala ya moja. Akifanya mazoezi peke yake kwa bidii, anazidi kuyakomaza makosa hayo. Jicho la nje linaona chanzo. Maiden hakuwahi kuwa bingwa mkubwa, kama Jose Mourinho asivyokuwa mchezaji wa kutisha, lakini jicho alikuwa nalo.

Vipigo navyo vilimfunza. Mwanzoni mwa 1926, Walter Hagen, mfalme wa wachezaji wa kulipwa, alimchakaza kule Florida katika mechi ya mashimo 72, akimaliza kazi akiwa mbele kwa mashimo 12 huku yakibaki 11. Mwaka huohuo Jones akabeba Open ya Uingereza na ya Marekani.

Na hasira? Kwenye US Open ya 1925 mpira wake ulisogea kidogo majanini. Waamuzi hawakuona, yeye akajihukumu adhabu ya mkwaju mmoja. Mkwaju huo ndio uliomfanya alingane na Willie Macfarlane, na waliporudiana akapoteza taji.

Manne kwa mwaka mmoja

Mwaka 1930 alimaliza ubishi. Alichukua ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, Open ya Uingereza, US Open na ubingwa wa ridhaa wa Marekani, yote manne ndani ya msimu mmoja. Jumla akawa na mataji makubwa 13, saba kati ya hayo mbele ya wachezaji wa kulipwa. Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 28 na kazi yake ya uanasheria, akatundika fimbo.

Alichofanya baadaye kinajibu swali la masomo kuliko taji lolote. Mwaka 1931 alikwenda Hollywood kutengeneza filamu fupi 12 za Warner Bros, akiwafundisha waigizaji namna ya kupiga. Aliyejifunza kwa kutazama akawapa watu wa kawaida kitu cha kutazama. Pia alianzisha klabu ya Augusta National na Clifford Roberts, na mwaka 1934 mashindano yanayoitwa leo Masters yakachezwa hapo kwa mara ya kwanza.

Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimnyang'anya miguu, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ule aliouachia mashindano njiani, ulimpa heshima ya uraia. Alifariki Desemba 18, 1971.

Anayemtumia Jones kukwepa kumlipa mwalimu ajiulize kwanza kama ana Maiden wa kumfuata kila siku, na miaka kumi ya kumwiga. Kama hana, masomo machache kwa mwenye jicho, yakifuatiwa na kofia iliyojaa mipira, ndiyo njia iliyobaki.