Ernest Renan na Damu ya Mgalilea

Msafiri afikaye Tréguier, mji mdogo wa Bretagne kaskazini-magharibi ya Ufaransa, hukuta karibu na kanisa kuu sanamu ya mzee mnene aliyeketi. Huyo ni Ernest Renan, mzaliwa wa mji ule. Sanamu hiyo ilipozinduliwa mwaka 1903, Wakatoliki wa huko waliona wametukanwa mlangoni pao, na mwaka uliofuata wakasimamisha msalaba mkubwa kuwa jibu lao. Hasira yao ilikuwa na sababu, maana Renan aliukana Umungu wa Kristu katika kitabu kilichosomwa Ulaya nzima. Lakini sisi tunaoyatazama maisha yake leo twaona kwamba kitabu hicho kilikuwa na kosa la pili, ambalo wengi wa waliomjibu walilipita mbio. Hilo ndilo tutakalo kulieleza.

Renan alizaliwa mwaka 1823. Baba yake, mtu wa bahari, alikufa mtoto akiwa na miaka mitano tu, akaiachia nyumba madeni. Alilelewa na mama yake na dada yake Henriette, aliyemzidi miaka kumi na miwili. Mapadre waliomfundisha waliiona akili yake, na mwaka 1838 akapelekwa seminari ya Paris. Baadaye akaingia Saint-Sulpice, na huko Padre Le Hir akamfundisha Kiebrania. Kadiri alivyoendelea kuyasoma Maandiko Matakatifu pamoja na vitabu vya wataalamu wa Kijerumani, imani ilizidi kumponyoka, hata Oktoba 1845 akavua kanzu na kuondoka. Hatumdhihaki kwa hilo. Alitoka mikono mitupu, akaishi kwa kufundisha katika shule ya bweni, na dada yake, aliyekuwa mwalimu wa watoto wa nyumba moja ya kitajiri huko Poland, akamsaidia kwa akiba yake.

Tangu hapo alijivunia kwamba haongozwi tena na mafundisho ya Kanisa bali na elimu peke yake. Mwaka 1855 alitoa kitabu kikubwa juu ya lugha za Kisemiti, yaani Kiebrania, Kiaramu, Kiarabu kilichokikopesha Kiswahili chetu maneno mengi, na nyinginezo. Kama mtaalamu wa sarufi alistahili heshima. Walakini hakutosheka na sarufi. Kutoka katika maumbo ya vitenzi alirukia tabia ya watu, akaamua kwamba iko mbari moja ya Kisemiti yenye akili nyembamba, isiyojaliwa falsafa wala sayansi, ambayo jangwa liliipa imani ya Mungu mmoja kama silika. Akaiweka chini ya mbari aliyoiita ya Kihindi na Kizungu. Msomaji wetu ambaye nyumbani husema lugha ya mama yake, na sokoni Kiswahili, ajua bila kufundishwa kwamba lugha hujifunzwa, wala hairithiwi katika damu. Profesa mkubwa hakulijua hilo, au hakutaka kulifikiri.

Mwaka 1860 serikali ya Kaisari Napoleon III ilimtuma Lebanoni kuchimbua mabaki ya Wafoinike. Henriette alikwenda naye, na wakatembea Palestina. Kisha, huko Ghazir mlimani, Renan alianza kuandika Maisha ya Yesu, akiwa na vitabu vichache sana, naye dada akinakili kila ukurasa. Mnamo Septemba 1861 homa iliwashika wote wawili katika kijiji cha Amschit. Renan alipopata fahamu aliambiwa kwamba Henriette amekwisha kufa. Aliyalia mauti hayo mpaka mwisho wa maisha yake, na kitabu alikiweka wakfu kwa kumbukumbu yake.

Mwaka 1862 alipewa kiti cha Kiebrania katika Collège de France, lakini kwa kuwa katika somo la kwanza alimtaja Yesu kuwa mtu asiye na kifani, na kumbe mtu tu, masomo yake yalisimamishwa siku chache baadaye. Kitabu kilitoka Juni 1863, kikauzwa kwa makumi ya maelfu. Roma ilikipiga marufuku. Majibu yalimiminika, na mengi yalishughulika na miujiza na Ufufuko, kama ilivyokuwa haki.

Je, ni nini kilichopita kimya? Renan alizichora nchi mbili. Galilea yake ni ya kijani, yenye maua na watu wapole. Yudea yake ni mawe makavu na waalimu wa sheria wenye vichwa vigumu. Akasema watu wa Galilea walikuwa mchanganyiko wa mataifa, na kwamba Yesu, baada ya kuiona Yeruzalemu, aliacha kuwa Myahudi, akawa mvunjaji wa dini ya Kiyahudi. Tuseme kweli: aliandika pia kwamba haifai kuuliza ni damu gani iliyotembea katika mishipa ya yule aliyefuta tofauti za damu kati ya wanadamu. Ni neno jema. Lakini aliufunga mlango baada ya kwisha kuufungua mwenyewe.

Mawazo yake ya mbari hayakuishia kwa Wasemiti. Katika kitabu cha mwaka 1871, baada ya Ufaransa kushindwa na Wajerumani, aliyapanga mataifa yote ya dunia: Wachina wameumbwa kuwa wafanya kazi wa mikono, watu weusi kuwa walima mashamba, Wazungu kuwa mabwana na askari. Haya hatuna haja ya kuyafafanua kwa wasomaji wetu.

Uzeeni alilegea. Mwaka 1882, katika hotuba yake mashuhuri juu ya taifa, alikana kwamba taifa hujengwa juu ya mbari. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba Wayahudi wenyewe si watu wa damu moja. Alikufa Oktoba 1892, mwenye heshima zote za nchi yake.

Lakini waliochuma katika shamba lake hawakuchuma hotuba hizo. Mwaka 1899 Houston Stewart Chamberlain, Mwingereza aliyehamia kwa Wajerumani, alidai kwamba ni karibu hakika kwamba Kristu hakuwa Myahudi, kwa sababu alikuwa Mgalilea. Mwaka 1939 baadhi ya Waprotestanti wa Ujerumani walifungua huko Eisenach taasisi ya kuondoa Uyahudi katika Kanisa, chini ya Profesa Walter Grundmann, na mwaka 1940 wakachapa Agano Jipya lililofutwa alama za Kiyahudi. Wayahudi wenyewe walikuwa karibu kuanza kuuawa kwa mamilioni.

Wala tusiwanyoshee Waprotestanti kidole. Ni kweli Kardinali Faulhaber aliitetea heshima ya Agano la Kale katika hotuba za Majilio mjini Munich mwaka 1933, na Papa Pius XI alifanya vivyo hivyo katika barua yake ya mwaka 1937. Lakini Karl Adam, padre na mwalimu wa teolojia ambaye vitabu vyake vilipendwa katika seminari nyingi, mwaka 1943 aliwafariji Wajerumani kwamba Bikira Maria, kwa kukingiwa dhambi ya asili, hakurithi tabia mbaya walizosingiziwa Wayahudi. Padre huyu asingelikubali kamwe hoja ya Renan juu ya miujiza. Hoja ya damu aliikubali, akaivika joho la imani.

Mateo aliianza Injili yake kwa ukoo wa Abrahamu na Daudi. Luka aliandika kwamba Mtoto alitahiriwa siku ya nane na kutolewa Hekaluni. Waraka kwa Waebrania wasema ni jambo lililo wazi kwamba Bwana wetu alitoka katika kabila la Yuda. Maneno hayo yote yalikuwa mezani kwa Renan kule Ghazir. Na tangu siku zake wachimbuaji wamefukua vijiji vya Galilea vya wakati wa Yesu, wakakuta mabirika ya kujitakasa na vyombo vya mawe vilivyotakiwa na sheria ya usafi ya Kiyahudi. Na katika majaa ya nyumba hizo mifupa ya nguruwe ni adimu sana.