Billings: Daktari aliyejua kuwa na kitu si sawa na kukipata

UKIWA mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au famasia, unajua raha ya kuandika maneno mawili matatu kwenye simu ukiwa ndani ya matatu, na kabla hujashuka, PubMed imeshakuletea orodha ndefu ya makala za utafiti. Hujalipa hata ndururu. Wala hujajiuliza ni nani aliyeanza kuzipanga.

Basi leo wacha nikukutanishe na John Shaw Billings. Alifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita na hakuwahi kuona kompyuta, lakini alama yake iko kwenye hiyo simu yako.

Billings alizaliwa Aprili 12, 1838, katika jimbo la Indiana, Marekani, sehemu za mashambani kabisa. Alikuwa mvulana wa kupenda vitabu, na Kilatini alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake. Karo ilikuwa shida, kama kwa wengi wetu. Akamwendea babake na mapatano: amsaidie kusoma chuo, naye hatadai urithi wowote. Mali yote iende kwa dadake. Mzee akakubali. Mwaka wa 1852, akiwa na miaka 14 tu, Billings akajiunga na chuo cha Miami kule Ohio.

Alipomaliza alienda kusomea udaktari mjini Cincinnati. Huko maisha yalimchapa kwelikweli. Alifanya vibarua hospitalini ili apate pa kulala, na chakula chake kilikuwa cha senti chache kwa wiki. Baadaye alikiri kwamba njaa ya siku hizo iliuharibu mwili wake.

Lakini kilichombadilisha si njaa. Ni tasnifu.

Ili ahitimu mwaka wa 1860, ilibidi aandike kuhusu upasuaji kama tiba ya kifafa. Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Unataka kujua kama ni busara kufungua fuvu la mgonjwa. Unahitaji hesabu: wangapi walipasuliwa, wangapi walipata nafuu, wangapi walikufa. Madaktari wa nchi mbalimbali walikuwa wameshaandika habari hizo, ila zilikuwa zimetawanyika kwenye mamia ya vitabu na majarida. Billings alizisaka kwa miezi. Alitafuta Cincinnati, akatafuta Philadelphia na New York pia. Faharasa za vitabu zilimdanganya, na hakuna maktaba hata moja nchini mwake iliyokuwa na kila alichohitaji.

Alihitimu, sawa. Lakini kero ile hakuisahau. Maarifa yapo, mgonjwa yupo, na daktari aliye kati yao hana njia ya kuyafikia. Kwa huyo mgonjwa, ni kama hayapo kabisa.

Kisha vita vikaja. Marekani ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1861, na Billings akawa daktari mpasuaji upande wa serikali. Karibu na Washington alikabidhiwa kambi iliyokuwa ya askari wa farasi na kuambiwa aifanye hospitali. Ghafla daktari kijana akawa mtu wa kuhesabu vitanda, mashuka, jikoni, maji na vyoo. Aligundua haraka kwamba kisu kikali hakimsaidii mtu kama blanketi na supu havijafika.

Julai 1863 alikuwa Gettysburg. Kwa siku tatu zaidi ya watu 20,000 walijeruhiwa, ukihesabu pande zote mbili. Billings alipasua na kukata viungo mchana na usiku, mizinga ikinguruma karibu. Na hapa ndipo pa kuuma: mahema na vifaa vingi vya hospitali vilikuwepo. Vilikuwa vimepakiwa kwenye mikokoteni ya jeshi, na mikokoteni hiyo iliamriwa ibaki nyuma kwa maili nyingi ili isizibe barabara. Watu walilala chini bila hema, na mahema yenyewe yakiwa yamekunjwa kwingine.

Unaona? Ni kisa kilekile cha tasnifu, ila safari hii kuna damu. Shida haikuwa kukosa kitu. Shida ilikuwa kwamba kitu hakikuwa pale kilipohitajika, saa ile kilipohitajika.

Mwishoni mwa 1864 alihamishiwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Jeshi jijini Washington. Kazi yenyewe ilikuwa makaratasi tu, hesabu na mikataba ya madaktari. Ofisi hiyo ilikuwa na maktaba ndogo, vitabu elfu mbili hivi, na Billings akapewa aitunze. Vita vilipoisha na hospitali za jeshi kufungwa, kulibaki pesa kwenye mifuko ya hospitali hizo, dola 80,000 hivi. Wakubwa wakakubali zinunue vitabu.

Jamaa hakulaza damu. Aliandikia madaktari, vyuo na wauza vitabu kila upande wa dunia, akiomba, akinunua, akibadilishana nakala. Ukifika Washington leo utaona jumba la maonyesho la Ford, ambamo Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi mwaka wa 1865. Baada ya mauaji hayo serikali ililichukua, na kwa miaka mingi maktaba ya Billings ilikaa humo. Alipostaafu jeshini mwaka wa 1895, ilikuwa na vitabu zaidi ya 116,000 na vijitabu vingi kupita hapo.

Lakini yeye alijua kurundika vitabu si kazi. Bohari iliyojaa bila daftari ni sawa na mikokoteni ya Gettysburg. Kwa hiyo aliamua kutengeneza orodha ya kila kilichomo: vitabu kwa jina la mwandishi na kwa mada, na makala za majarida, moja baada ya nyingine, kwa mada. Jioni alibeba majarida nyumbani na kuyawekea alama. Asubuhi makarani wakanakili kwenye kadi. Juzuu la kwanza la orodha hiyo, Index-Catalogue, lilitoka 1880. Kufikia 1895 yalikuwa 16.

Sasa, vitabu vipya havingoji juzuu likamilike. Kwa hivyo mwaka wa 1879 alianzisha Index Medicus, jarida la kila mwezi lililoorodhesha maandishi mapya ya tiba. Msaidizi wake Robert Fletcher alichapa kazi hiyo naye bega kwa bega, na jina lake likawekwa pale mbele pamoja na la bosi wake. Liweke hilo akilini, tutalirudia. Wanunuzi walikuwa haba, na 1899 jarida likafungwa. Lilifufuliwa 1903 kwa pesa za Carnegie Institution, taasisi ambayo Billings mwenyewe alikuwa kiongozi wa bodi yake.

Usidhani aliiacha hospitali. Mwaka wa 1875 wadhamini wa hospitali mpya ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, waliwaomba wataalamu watano watoe mapendekezo. La Billings ndilo lililochukuliwa. Alipanga njia ya hewa safi kuingia wadini na ya hewa chafu kutoka, akapanga mabomba ya joto, akasisitiza kumbukumbu za wagonjwa zitunzwe na wanafunzi wafundishwe mumo humo. Hospitali ilifunguliwa Mei 1889. Hata kumpata daktari wake mkuu, William Osler, kulimchukua dakika chache. Alimfuata Osler nyumbani, akamuuliza akiwa amesimama kama ataichukua kazi, akajibiwa ndiyo, akaondoka. Osler akaja kuwa mmoja wa madaktari mashuhuri zaidi wa zama zake.

Turudi kwenye hesabu. Mwaka wa 1881 Billings alisimama mbele ya kongamano la kimataifa la tiba jijini London, akafanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya: akawahesabu waandishi. Kwa makadirio yake, ulimwengu ulikuwa na madaktari waliosoma wapatao 180,000, na kati yao ni 11,600 hivi tu waliokuwa wakiandika chochote. Akapanga pia nani anaandika kiasi gani, nchi kwa nchi. Ila hakusimama pale kuwasifu. Aliwaambia waziwazi kwamba mengi yaliyoandikwa hayakuwa na jipya. Wingi alikuwa ameuhesabu kwa mkono wake mwenyewe, kwa hivyo hakuudhania kuwa ubora.

Hapo katikati kuna kisa kitakachokushangaza. Billings alisimamia pia takwimu za vifo na magonjwa katika sensa ya Marekani ya 1880, na makarani walikuwa wakikesha wakihesabu karatasi kwa mikono. Jumapili moja jioni alimkaribisha mezani kwake mhandisi kijana wa ofisi ya sensa, Herman Hollerith, akamwambia kwamba lazima kuwe na mashine ya kufanya kazi hiyo ya kuchosha. Hollerith akaenda kuumiza kichwa, akarudi na wazo la kadi zenye matundu, na kumwomba Billings waungane. Billings akakataa. Alitaka tu kuona tatizo limetatuliwa.

Mashine za Hollerith zilihesabu sensa ya 1890. Kampuni yake iliunganishwa na nyingine mwaka wa 1911, na 1924 ikaitwa IBM. Naam, hiyohiyo. Utajiri na sifa vilimwendea Hollerith, na haki yake, kwani ndiye aliyetoa jasho. Lakini naye alikuwa muungwana: miaka mingi baadaye aliandika bila kuficha kwamba cheche ya kwanza aliipata kwenye meza ya Billings.

Mwaka wa 1896 Billings akawa mkurugenzi wa New York Public Library. Alichora mwenyewe mpango wa kwanza wa jengo lake kuu, na mwaka wa 1901 tajiri Andrew Carnegie akatoa dola milioni 5.2 za kujenga matawi mitaani, ili mtu wa kawaida asafiri hatua chache tu kukifikia kitabu. Jengo kuu lilifunguliwa Mei 1911. Miaka miwili baadaye, Machi 11, 1913, mzee akafariki. Alizikwa Arlington, kwenye makaburi ya wanajeshi.

Sasa tazama vile nyuzi zake zilivyokuja kukutana. Mapema miaka ya 1950, maktaba yake ya jeshi ilifadhili mradi katika maktaba ya tiba ya Johns Hopkins, penye hospitali aliyoipanga yeye, kuchunguza kama mashine zingeweza kutengeneza faharasa. Kadi za matundu zilitumika. Kijana mmoja aliyeajiriwa humo aliitwa Eugene Garfield. Huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Science Citation Index katika miaka ya 1960, orodha inayoonyesha ni nani amemtaja nani katika utafiti. Kutoka hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wa leo wa kuhesabu makala ya msomi imenukuliwa mara ngapi. Nayo Index Medicus iliingizwa kwenye kompyuta, na mwishowe ikakufikia kama PubMed.

Kwa hivyo ukisikia mhadhiri akijipiga kifua kwa idadi ya manukuu, au mwenzako akilia kwamba jina lake limeachwa kwenye kazi waliyoifanya pamoja, mkumbuke Billings. Hilo la pili usilipuuze. Jina kwenye karatasi ni haki ya aliyefanya kazi, ndiyo maana Fletcher aliandikwa na Hollerith akasema ukweli. Lakini hesabu ya majina ni kitu kingine. Orodha zile zilitengenezwa ili daktari aliye mbele ya mgonjwa apate jibu kabla hajachelewa. Kutumiwa kupanga nani mkubwa kuliko nani kulikuja baadaye.

Nawe ukianza kazi, iwe wadini, stoo ya dawa au maabara, usitosheke kujibu kwamba kitu kipo. Uliza kipo wapi, nani anajua kilipo, na kitachukua muda gani kumfikia anayekihitaji. Gettysburg pia vilikuwepo.