Kitanda cha Kambini Ndani ya Ngome

Jemadari Wellington, aliyezaliwa Ireland mwaka 1769, ndiye aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815. Taifa lilimtunuku mali na vyeo, hata uwaziri mkuu. Mwaka 1829 alikabidhiwa Ngome ya Walmer, katika pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Ngome hiyo ilijengwa na Mfalme Henry wa Nane kwa ajili ya kulinda bahari, na baadaye ikageuzwa kuwa makao ya wakubwa.

Katika vyumba vyote hivyo, jemadari alijichagulia kimoja tu, akalala humo na kufanyia kazi humo humo. Alikuwa na kitanda chembamba cha kambini kisicho na mapazia, kiti cha kuegemea, meza na vitabu vyake. Askari aliyewahi kulala handakini atakielewa chumba hicho upesi kuliko fundi wa mapambo. Wala haukuwa ufukara, kwani jumba lake la London, Apsley House, lilisheheni picha za thamani na vyombo vya fedha.

Alifariki chumbani humo tarehe 14 Septemba 1852, ameketi katika kiti chake, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa kwa heshima kuu katika kanisa la St Paul's. Kitanda kingalipo Walmer.