Aliyesimama Katikati ya Wakubwa

Wasomaji wetu walio wazee wataikumbuka habari ya ndege iliyoanguka karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961. Alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akienda kuonana na Moïse Tshombe wa Katanga ili mapigano yasimamishwe. Katika watu 16 hakupona hata mmoja.

Alizaliwa Sweden mwaka 1905. Dini yake ilikuwa ya Kilutheri. Walakini katika chumba alichokiacha Leopoldville kilionekana kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuasa Kristo, ambacho watawa wetu wanakijua vema.

Alichaguliwa mwaka 1953. Trygve Lie, aliyemtangulia, alikuwa amekataliwa na Warusi kwa ajili ya vita vya Korea, na wakubwa walitaka mtu mpole asiyewasumbua. Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoishambulia Misri, alipeleka askari wa amani, nao wakafaulu. Lakini tuitaje sababu: safari ile Marekani na Urusi, kila moja kwa nia yake, zilitaka washambuliaji waondoke.

Kongo, mwaka 1960, hapakuwa na mapatano ya namna hiyo. Katanga, yenye shaba nyingi, ilijitenga siku 11 baada ya uhuru. Lumumba alipoona askari wa Umoja wa Mataifa hawairudishi, alipokea msaada wa Warusi, na Waamerika wakamhesabu kuwa adui. Tangu hapo kila tendo la Hammarskjöld lilipimwa Washington na Moscow kwa swali moja: lamfaa nani? Mwezi Septemba wajumbe wake walifunga viwanja vya ndege na redio ya Leopoldville, na aliyeumia hasa ni Lumumba. Hapo hatuwezi kumwondolea lawama. Khrushchev alimtaka ajiuzulu, na mahali pake wawekwe watu watatu, kila kambi na wake. Alikataa, akiona kwamba kazi ile ilikuwa kinga ya mataifa madogo. Januari 1961 Lumumba akauawa huko Katanga.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimweka Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aongoze uchunguzi wa ajali ile. Taarifa yake ya 2019 ilisema yawezekana ndege ilishambuliwa, na kwamba zipo serikali zenye habari ambazo hazijazitoa. Mwaka 2022 alilazimika kusema hivyo tena.